Dk. Martin Luther katika Ngome ya Wartburg

Habari za Dk. Martin Luther aliposimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano mjini Worms, mwezi wa Aprili 1521, zimesimuliwa mara nyingi katika sharika zetu, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Twataka kueleza habari za miezi kumi iliyofuata, alipokaa mahali pa siri. Maana katika miezi hiyo ndimo Agano Jipya lilimofasiriwa kwa Kidachi, lugha ya Wajerumani.

Tarehe 4 Mei, alipokuwa njiani kurudi Wittenberg, wapanda farasi walitokea msituni karibu na ngome ya Altenstein, wakasimamisha gari lake, wakamkamata, wakaenda naye. Watu wengi walidhani ameuawa. Kumbe, lilikuwa shauri la mtawala wake, Friedrich wa Sachsen, aitwaye Mwenye Hekima, aliyetaka kumficha kabla Kaisari hajatangaza ya kuwa Luther hana tena ulinzi wa sheria. Usiku ule akafikishwa Wartburg, ngome iliyo juu ya mlima karibu na mji wa Eisenach, alikosoma alipokuwa kijana. Akavuliwa kanzu ya utawa, akavikwa mavazi ya bwana mpanda farasi, akafuga nywele na ndevu, akafungiwa upanga kiunoni, akaitwa Bwana Jörg.

Akapewa chumba kidogo cha kukaa na kijichumba cha kulala. Mtu angeweza kudhani ya kuwa hapo alifurahi, kwa kuwa amepata nafasi ya kuandika bila kusumbuliwa. Haikuwa hivyo. Alikuwa amezoea kufundisha, kuhubiri na kuulizwa mashauri tangu asubuhi hata jioni. Sasa aliwasikia ndege na upepo tu. Chakula cha ngomeni hakikumpatana, akateseka sana kwa kufunga choo. Usingizi ukampotea, na majaribu ya moyoni yakamjia kwa nguvu. (Ile hadithi ya kwamba alimtupia Shetani kidau cha wino haimo katika maandiko yake, ilizuka baadaye.) Tena aliona haya kula mali ya msimamizi wa ngome, Hans von Berlepsch, mpaka alipopata kuamini ya kuwa gharama zalipwa na mtawala.

Mwezi wa Agosti walimchukua kuwinda siku mbili, ili ajiburudishe. Akamwokoa sungura mmoja akiwa hai, akamficha katika mkono wa vazi lake. Mbwa wakamnusa, wakamwuma sungura papo hapo kupitia nguo, akafa. Luther akarudi kwenye vitabu vyake bila hamu ya kuwinda tena.

Hata hivyo hakukaa bure. Katika taabu hiyo alimaliza kueleza wimbo wa Mariamu, akaandika mahubiri ya kuwasaidia wachungaji, na kitabu juu ya nadhiri za watawa. Mwanzo wa Desemba akatoka kwa siri, akafika Wittenberg kwa siku chache, na rafiki zake wakamsihi afasiri Agano Jipya. Akarudi mlimani, akaanza. Mbele yake palikuwa na maneno ya Kigiriki yaliyotolewa na Erasmus. Kwa majuma kumi na moja hivi akaifanya kazi yote, tangu Matayo hata Ufunuo.

Sisi tulio na mahubiri ya kutengeneza kila juma, huku wageni wabisha hodi na mashauri ya usharika yangoja, twastaajabia hesabu hiyo. Lakini tukumbuke ya kuwa majuma yale hakujipatia mwenyewe. Mtawala alijitia hatarini kwa ajili yake, msimamizi wa ngome alimlisha, na rafiki zake walichukua mizigo yake mjini.

Nao mzigo wa mjini uliwashinda. Wengine walizivunja sanamu makanisani, na watu kutoka Zwickau walijiita manabii, washarika wakafadhaika. Luther alipopata habari, hakungoja ruhusa. Tarehe 1 Machi 1522 akaiacha ngome, naye alipokuwa njiani akamwandikia mtawala ya kuwa anakwenda chini ya ulinzi mkuu kuliko ule wa wanadamu. Tangu tarehe 9 Machi akahubiri siku nane mfululizo, na mji ukatulia. Kwa maoni yetu kuondoka huku si kudogo kuliko kazi aliyoifanya mle chumbani.

Tafsiri aliichukua pamoja naye, lakini ilikuwa haijawa tayari. Akakaa na Philipp Melanchthon, aliyekijua Kigiriki kuliko yeye, wakaipitia tena. Akamwomba Spalatin, karani wa mtawala, amletee maneno yasemwayo na watu wa kawaida, wala si ya majumba ya wakuu. Akauliza pia majina na rangi za vito vilivyotajwa katika Ufunuo. Mwezi wa Septemba kitabu kikapigwa chapa, kikauzwa upesi hata Desemba kikatolewa mara ya pili.

Agano la Kale lilikwenda vingine. Luther alikuwa na darasa, mimbari, barua, na tangu 1525 mke na kisha watoto. Tena Kiebrania ni kigumu. Katika kitabu cha Ayubu, yeye na wenzake wawili walipata kutumia siku nne kwa mistari mitatu tu. Biblia yote ikatoka mwaka wa 1534. Mwaka wa 1530 alipata tena kufungiwa ngomeni, huko Coburg, tangu Aprili hata Oktoba, rafiki zake walipoitetea imani mjini Augsburg. Huko alifasiri manabii, akaandika waraka juu ya kazi ya kufasiri, na barua ya kumfurahisha mtoto wake Hans. Huko pia alipata habari ya kufa kwa baba yake.

Chumba cha Wartburg chaonyeshwa hata leo. Meza ya kwanza haipo tena, kwa sababu wageni waliichonga kidogo kidogo wakaenda na vibanzi vyake. Kimesalia kipande kimoja cha uti wa mgongo wa nyangumi, ambacho husemwa kuwa Luther alikitumia kuwekea miguu yake alipokuwa akiandika.