Richard Schirrmann

Richard Schirrmann (15 Mei 1874 – 14 Desemba 1961) alikuwa mwalimu wa shule ya msingi nchini Ujerumani. Anakumbukwa kama mwanzilishi wa hosteli za vijana, yaani nyumba za kulala kwa bei ndogo zilizowekwa kwa ajili ya vijana wanaosafiri wakiwa na fedha kidogo. Alikuwa pia rais wa kwanza wa shirikisho la kimataifa la hosteli hizo, lililoundwa mwaka 1932.

Katika Afrika Mashariki neno hosteli hutumika zaidi kwa mabweni ya wanafunzi wa vyuo. Hosteli inayozungumziwa hapa ni ya wapita njia: msafiri hufika jioni, hulala usiku mmoja au michache, kisha huendelea na safari.

Maisha ya awali

Schirrmann alizaliwa katika kijiji cha Grunenfeld, Prussia Mashariki, eneo ambalo leo ni sehemu ya Poland. Baba yake alikuwa mwalimu, naye akafuata kazi hiyohiyo. Baada ya masomo ya ualimu alifundisha kwanza katika sehemu za kwao, na mwaka 1901 akahamia Gelsenkirchen, magharibi mwa Ujerumani.

Gelsenkirchen ulikuwa mji wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda. Wengi wa wachimbaji walikuwa wametoka mashariki, kama Schirrmann mwenyewe, wakitafuta kazi. Watoto wao walikua katikati ya moshi na vumbi, na baadhi yao hawakujua msitu wala shamba isipokuwa kwa picha za vitabuni. Schirrmann alianza kuwatoa darasani. Aliwafundisha jiografia, mimea na historia huku wakitembea kwa miguu nje ya mji, akiamini kwamba somo linaloonekana kwa macho halisahauliki upesi. Leo walimu wengi wangekubali, lakini wakati ule nidhamu ya shule za Prussia ilimtaka mwanafunzi akae wima kwenye dawati lake. Wakubwa wake hawakupendezwa na mwalimu ambaye darasa lake lilikutwa tupu.

Mwaka 1903 alihamia Altena, mji mdogo katika milima ya Sauerland, kando ya mto Lenne, akafundisha katika shule ya Nette. Huko milima na misitu ilikuwa mlangoni, na matembezi ya siku moja yakageuka kuwa safari za siku kadhaa. Hapo ndipo tatizo la malazi lilipojitokeza.

Tatizo la malazi

Kutembea hakukuwa na gharama. Kulala ndiko kulikokuwa na gharama. Nyumba za wageni zilikuwa ghali kwa watoto wa wafanyakazi wa viwandani, na wenye nyumba hizo hawakufurahia kupokea kundi la wavulana wenye viatu vya matope. Kilichobaki kilikuwa kumwomba mkulima nafasi katika ghala la majani, jambo ambalo jioni moja lilikubaliwa na jioni iliyofuata likakataliwa.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na harakati ya vijana iliyoitwa Wandervogel, iliyoanzishwa mwaka 1901 huko Steglitz karibu na Berlin. Wafuasi wake walizunguka nchi wakiwa na shanta mgongoni na gitaa mkononi, wakijipikia porini. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa shule za sekondari, watoto wa familia zenye uwezo. Wao walilala ghalani kwa kupenda, na kama mvua ingezidi wangeweza kulipia chumba. Wanafunzi wa Schirrmann hawakuwa na njia hiyo ya pili. Tofauti hii husahauliwa mara nyingi katika historia za usafiri wa vijana.

Usiku wa dhoruba, 1909

Mwezi Agosti 1909 Schirrmann aliongoza kundi la wanafunzi katika safari ya miguu ya siku nane kutoka Altena hadi Aachen, karibu na mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi. Tarehe 26 Agosti, katika bonde la mto Bröl, walikutwa na mvua kubwa ya radi. Walipata hifadhi katika jengo la shule ya kijiji, lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo, wakalala juu ya majani makavu.

Kwa masimulizi yake ya baadaye, wavulana walisinzia mara moja, lakini yeye alikesha akisikiliza ngurumo. Usiku huo aliwaza jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mwalimu: majengo ya shule hukaa bure wakati wa likizo, na likizo ndio wakati ambao vijana wana nafasi ya kusafiri. Kama kila kijiji kikubwa kingefungua vyumba viwili vya madarasa, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana, nchi nzima ingekuwa na mahali pa kulala. Tena umbali kati ya mahali na mahali usingezidi mwendo wa siku moja kwa miguu.

Mwaka uliofuata alichapisha wazo hilo katika gazeti la Kölnische Zeitung, mojawapo ya magazeti makubwa ya Ujerumani wakati huo. Barua na michango ilimfikia kutoka pande nyingi. Aliyemfaa kuliko wote alikuwa Wilhelm Münker, mwenye kiwanda kutoka mji wa Hilchenbach, mtu wa hesabu na mafaili. Schirrmann alikuwa na maono na ulimi wa kushawishi. Münker alikuwa na mpangilio. Bila Münker huenda wazo hilo lingeishia kuwa makala ya gazeti.

Hosteli ya Altena

Majaribio ya kwanza yalifanyika katika shule ya Nette alikofundisha. Wakati wa likizo madawati yalisogezwa, na magodoro ya majani makavu yakatandazwa sakafuni. Asubuhi wageni walipaswa kurudisha kila kitu mahali pake. Desturi hii ya mgeni kufagia na kupanga chumba kabla ya kuondoka ilikuwa njia ya kupunguza gharama, nayo ikawa alama ya hosteli za vijana kwa miongo mingi.

Wakati huohuo ngome ya kale iliyo juu ya mji wa Altena ilikuwa ikijengwa upya kutoka kwenye magofu, kwa kumbukumbu ya miaka 300 tangu eneo hilo lilipoingia chini ya watawala wa Brandenburg mwaka 1609. Mkuu wa wilaya, Fritz Thomée, aliyesimamia ujenzi huo, alikubali sehemu ya ngome itumike kwa vijana. Hosteli ilifunguliwa humo mwaka 1912. Ilikuwa na vyumba vya kulala vyenye vitanda vizito vya mbao, mfano wa dabo deka za shule za bweni ila vikiwa na ngazi tatu, pamoja na jiko na mahali pa kuogea. Schirrmann aliishi hapo na familia yake akiwa msimamizi wa kwanza. Wasimamizi wa hosteli za Kijerumani wakaja kuitwa baba na mama wa hosteli, na jina hilo lilidokeza kazi yao: kupokea wageni, kutunza utaratibu, na kuhakikisha taa zinazimwa usiku.

Hosteli hii huhesabiwa kuwa ya kwanza ya kudumu duniani.

Vita Kuu ya Kwanza

Vita vilipoanza mwaka 1914 Schirrmann alichukuliwa jeshini. Mwezi Desemba 1915 kikosi chake kilikuwa katika milima ya Vosges, mahali ambapo mahandaki ya Wajerumani na Wafaransa yalitenganishwa na kipande chembamba cha ardhi kilichojaa miti iliyovunjwa na mabomu. Kengele za Krismasi ziliposikika kutoka vijiji vya nyuma, askari wa pande zote mbili waliacha kupigana bila amri ya wakubwa. Walitembeleana kupitia mahandaki yaliyoachwa, wakabadilishana mvinyo, konyaki na sigara kwa mkate mweusi, biskuti na nyama ya nguruwe. Uhusiano huo uliendelea hata baada ya Krismasi kupita.

Tukio hilo lilibadili wazo lake. Hadi hapo hosteli zilikuwa jambo la watoto wa Ujerumani na milima yao. Sasa alianza kujiuliza ingekuwaje kama vijana wa nchi mbalimbali wangepewa mahali pa kukutana kabla ya kuvalishwa sare za jeshi. Kutoka hapo safari ya nchi za nje kwa gharama ndogo, ambayo kwa wengine ilikuwa starehe tu, kwake ikawa kazi ya amani.

Kuenea kwa hosteli

Mwaka 1919 shirika la kitaifa la hosteli za vijana liliundwa, na mwaka 1922 Schirrmann aliacha kufundisha ili aitumikie kazi hiyo peke yake. Mwaka 1925 alianzisha pia kijiji cha watoto huko Staumühle karibu na Paderborn, katika kambi ya zamani ya jeshi, ambako watoto wa miji ya viwanda walipata mapumziko mashambani. Kijiji hicho kilidumu miaka michache tu.

Hosteli ziliongezeka kwa kasi ya kushangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Ujerumani ilikuwa na zaidi ya hosteli 2,000, na idadi ya malazi kwa mwaka ilipita milioni 4. Kanuni zilifanana karibu kila mahali. Mgeni alikuwa na kadi ya uanachama, alifika kwa miguu au kwa baiskeli, alilala katika chumba cha pamoja, wavulana na wasichana mbalimbali, na alisaidia kazi za nyumba. Pombe haikuruhusiwa. Anasa haikuwepo, na haikukusudiwa kuwepo.

Nchi jirani ziliiga mfano huo: Uswisi, Uholanzi, Poland, na mwaka 1930 Uingereza. Tarehe 20 Oktoba 1932 wajumbe wa vyama vya nchi 11 za Ulaya walikutana Amsterdam wakaunda shirikisho la kimataifa, wakamchagua Schirrmann kuwa rais. Faida ya kwanza kwa msafiri ilikuwa ya kawaida kabisa lakini kubwa: kadi ya nchi moja ilikubaliwa katika nchi nyingine. Mwaka 1934 walimu wawili Wamarekani, Isabel na Monroe Smith, waliokuwa wameziona hosteli za Ujerumani, walifungua ya kwanza ya Marekani huko Northfield, Massachusetts.

Chini ya Wanazi

Mwaka 1933 Wanazi walishika serikali, na shirika la hosteli likawekwa chini ya Vijana wa Hitler. Mtandao wa nyumba 2,000 zenye vitanda, majiko na wasimamizi ulikuwa mali ya thamani kwa chama kilichotaka kumiliki ujana wote wa nchi. Vijana Wayahudi walifungiwa milango. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kila kijana apitaye zikageuzwa vituo vya propaganda na gwaride.

Münker alijiuzulu. Schirrmann alibaki, akiwa na cheo cha heshima kisicho na madaraka, kwa matumaini ya kuokoa kitu. Hapa ndipo sehemu ngumu ya maisha yake. Kubaki kwake kuliwapa watawala wapya jina linaloheshimika la kuonyesha kwa wageni wa nje, na kilichookolewa kilikuwa kidogo. Kwa upande mwingine, hakuwa mtu wao, na hawakumwamini. Mwaka 1936 alilazimishwa kuacha urais wa shirikisho la kimataifa, na mwaka uliofuata akahamia kijiji cha Grävenwiesbach katika milima ya Taunus, mbali na kazi aliyoianzisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hosteli nyingi zilifanywa hospitali za kijeshi na kambi, na nyingine zikaharibiwa kwa mabomu.

Miaka ya mwisho

Vita vilipokwisha mwaka 1945 Schirrmann alikuwa na umri wa miaka 71. Alishiriki tena kufufua hosteli za Ujerumani Magharibi, na shirika la kitaifa lilipoundwa upya mwaka 1949 alifanywa rais wa heshima. Alifariki Grävenwiesbach tarehe 14 Desemba 1961.

Urithi

Baada ya vita kizazi kipya cha wasafiri kilijitokeza barabarani, wakiwa na begi mgongoni na kidole gumba juu wakiomba lifti kutoka nchi hadi nchi. Kanuni za zamani hazikuwahesabu: aliyefika kwa gari, hata kama gari si lake, hakuwa amefika kwa nguvu zake mwenyewe, na wasimamizi wengine waliwatazama vibaya. Hata hivyo ndio waliozijaza hosteli, kwa maana lifti humpeleka mtu mbali bila malipo lakini haimpi kitanda. Polepole masharti ya kufika kwa miguu au baiskeli yalilegezwa, kisha yakaachwa. Kazi za asubuhi na chumba cha watu kumi na wawili navyo vimepungua, na hosteli nyingi za leo zina vyumba vidogo vyenye bafu, jambo ambalo huenda lingemshangaza mwanzilishi.

Shirikisho la kimataifa bado lipo, nalo hujulikana kwa jina la Hostelling International. Katika Afrika Mashariki wazo hilo lilifika Kenya, ambako hosteli ya vijana ya Nairobi ilijulikana kwa wasafiri wa bei nafuu waliopita bara la Afrika.

Shule na mitaa kadhaa nchini Ujerumani ina jina la Schirrmann. Vyumba vya kwanza vya ngome ya Altena vimehifadhiwa kama makumbusho, pamoja na vile vitanda vya ngazi tatu. Wasafiri wanaotaka kulala huelekezwa kwenye hosteli iliyo katika ua wa chini wa ngome hiyohiyo.