Paul Galvin: mutu aliyeingiza radio ndani ya motokari

Hapa Kongo watu wengi wanaita Motorola ile radio ndogo ya kusemea mukononi, hata kama imetengenezwa na kampuni ingine. Wachache ndio wanajua kwamba jina hilo lilizaliwa ndani ya motokari, juu ya muziki, na kwamba mutu aliyelitoa alikuwa tayari ameanguka mara mbili katika biashara. Mutu huyo aliitwa Paul Galvin.

Galvin alizaliwa tarehe 29 mwezi wa sita mwaka 1895, katika muji mudogo wa Harvard, jimbo la Illinois, Marekani. Akiwa kijana wa miaka 13 alikuwa anauza bisi za mahindi kwa wasafiri pale gari-moshi linaposimama. Alianza masomo ya chuo kikuu, akayaacha bila kumaliza, akaenda vitani Ufaransa wakati wa vita ya kwanza ya dunia.

Aliporudi, aliingia katika biashara ya bateri. Munamo mwaka 1921, yeye na rafiki yake Edward Stewart walifungua kampuni katika muji wa Marshfield, jimbo la Wisconsin. Miaka miwili tu, kampuni ikafungwa. Wakajaribu tena Chicago. Ile nayo ikaanguka. Kilichobaki ni chombo kimoja kidogo, chenye kuwezesha radio ya bateri kutumia umeme wa nyumbani. Mali ya kampuni ilipouzwa kwa munada, Galvin alirudi kukinunua chombo kile kwa dola 750. Mwezi wa tisa mwaka 1928, yeye na ndugu yake Joseph wakaanza upya huko Chicago, na wafanyakazi watano tu.

Bahati haikudumu. Radio mpya zilianza kutoka zikiwa na waya wa umeme tayari, na chombo chake kikakosa wanunuzi. Tena mwishoni mwa mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaporomoka. Galvin alibaki na kiwanda, wafanyakazi wa kulipa, na hakuna cha kuuza.

Ndipo akaangalia barabara. Motokari zilikuwa zimejaa Marekani, lakini zenye radio zilikuwa chache sana. Galvin hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo; wengine walikuwa wanazifunga kwa matajiri, kwa bei ya zaidi ya dola 200, wakati Ford mupya ilikuwa ya dola 500 hivi. Yeye alitaka radio ambayo mutu wa kawaida ataweza kununua. Akaegemeza kampuni yake juu ya wazo hilo, pamoja na vijana wawili wenye kupenda radio: William Lear, aliyekuwa anatengeneza bobine za radio, na Elmer Wavering.

Kazi iliwatoa jasho. Taabu ya kwanza ilikuwa kelele. Kila buji ya motere inapotoa cheche, cheche ile inarusha mawimbi, na radio inayapokea sawa vile inapokea sauti ya mutangazaji. Ukiwasha motere, muziki unafunikwa na mikwaruzo. Ilibidi kutia vizuizi kwenye nyaya za buji na kondensateri kwenye dinamo, halafu kufunika nyaya, moja baada ya ingine, mupaka kelele ishuke. Taabu ya pili ilikuwa umeme: bateri ya motokari peke yake haikutosha kwa lampe za radio ya wakati ule, basi walikata sakafu ili kuweka bateri zingine chini. Taabu ya tatu ilikuwa nafasi. Anteni ilifichwa ndani ya kitambaa cha dari, na spika ilitafutiwa pahali. Kufunga radio moja kungeweza kuchukua siku nzima na zaidi.

Inasimuliwa kwamba Galvin alienda kuomba mukopo kwa mukubwa wa banki moja, na ili kumushawishi, akamufungia radio ndani ya Packard yake. Muda mufupi nyuma ya pale, motokari ile ikawaka moto. Mukopo haukutoka.

Galvin hakuacha. Mwezi wa sita mwaka 1930, watengenezaji wa radio walikuwa na mukutano mukubwa Atlantic City, kando ya bahari. Radio ilimalizika kufungwa ndani ya Studebaker yake siku za mwisho kabisa. Akaendesha kutoka Chicago, safari ya zaidi ya kilomita 1.000. Kule hakuwa na meza ya maonyesho. Basi akasimamisha Studebaker karibu na mulango wa mukutano, akafungua radio kwa sauti kubwa. Waliopita walisimama, wakasikiliza, wakaingia kukaa ndani. Alirudi nyumbani na oda za kununua.

Radio ile aliiita Motorola: neno la motokari likaunganishwa na mwisho wa jina kama Victrola, mashine maarufu ya kucheza sahani za muziki. Iliuzwa kati ya dola 110 na 130. Miaka michache mbele, alipatana na maduka ya matairi ya B.F. Goodrich yauze na kufunga radio hizo, na bei ikashuka kufika dola 55, kazi ya kufunga ikiwa ndani.

Radio iliyoweza kuvumilia mutikisiko wa motokari iliweza pia kazi ingine. Munamo mwaka 1936 kampuni ilitoa radio ya motokari za polisi. Mwaka 1940 ikatoa Handie-Talkie, radio ya mukononi iliyotumiwa na askari wa Marekani katika vita ya pili ya dunia. Mwaka 1947, kampuni yenyewe ikachukua jina la Motorola.

Paul Galvin alifariki tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 1959, na miaka 64. Mutoto wake Robert akaendeleza kazi. Lear alikuwa ameshaingia katika mambo ya ndege; Wavering alibaki, na baadaye akawa mukubwa wa kampuni.

Hata leo, kijana anayefunga bafle zake za kwanza ndani ya motokari anaweza kusikia filimbi inayopanda kila anapokanyaga mafuta. Ni kelele ile ile waliyopambana nayo Chicago mwaka 1930, na dawa yake haijabadilika sana: kufuata waya mumoja mumoja, kuanzia bateri, bila haraka.