Mtakatifu Thomas More na Sala za Nyumbani Mwake

Katika mwaka wa Jubilei twayahesabu makanisa yaliyojengwa, na shule, na Wakristo waliobatizwa, nasi twamshukuru Mungu. Lakini liko kanisa jingine lisilohesabiwa katika vitabu vya misioni, nalo ni nyumba ya kila Mkristo. Kwa hiyo nimeona vema kuwasimulia, ndugu wapendwa, na hasa ninyi wazazi na walimu, habari za mtu mmoja mkuu aliyeilinda sala nyumbani mwake, na jinsi sala hiyo ilivyomlinda yeye siku ya shida.

Thomas More alizaliwa mjini London, nchi ya Uingereza, mwaka 1478. Baba yake alikuwa mwanasheria, na baadaye hakimu. Alipokuwa kijana alitumikia katika nyumba ya Askofu Mkuu John Morton, kisha akasoma Oxford, akarudi London kujifunza sheria. Kwa muda wa miaka kama minne alikaa karibu na watawa Wakartusi, akishiriki sala zao na kujiuliza kama Mungu anamwita huko. Mwisho akatambua kwamba njia yake ni ndoa. Alimwoa Jane Colt, wakapata watoto wanne: Margaret, Elizabeth, Cecily na John. Mwaka 1511 Jane akafa, na watoto wangali wadogo. More akamwoa mjane Alice Middleton, awe mama wa nyumba ile.

Baadaye alijenga nyumba kubwa huko Chelsea, kando ya mto Thames. Waliishi humo watoto wake, na wakwe, na wajukuu, na watoto wa kulelewa, na watumishi wengi. More aliwatafutia wanawe walimu wa kweli, na binti zake wakafundishwa Kilatini na Kiyunani sawasawa na ndugu yao, jambo ambalo siku zile wengi waliliona geni. Margaret akapata elimu iliyostaajabiwa na wataalamu wa Ulaya. Walakini More aliitanguliza fadhila mbele ya elimu. Karata na kamari alizikataza. Watumishi wasio na kazi aliwapa sehemu ya bustani wailime, na wengine wakajifunza kuimba.

Kila jioni, akiwapo nyumbani, aliwakusanya wote, wakubwa kwa wadogo, mabwana kwa watumishi, wakapiga magoti pamoja. Wakasali zaburi, na Salamu Malkia, na zaburi ya kuwaombea marehemu, ndipo wakaenda kulala. Hata mezani, kabla ya mazungumzo, mmoja wa binti zake alisoma Maandiko Matakatifu kama wafanyavyo watawa. Kisha wakaulizana maana yake, na mwisho baba akaanza mizaha, maana alikuwa mtu mcheshi sana.

Mbali kidogo na nyumba alijenga jengo lenye kikanisa, maktaba na ukumbi. Humo alishinda siku za Ijumaa katika sala na masomo. Ndani ya nguo zake alivaa vazi la nywele kali za wanyama ili kujitesa kwa toba. Margaret ndiye aliyeijua siri hiyo, naye ndiye aliyelifua. Ilipofika Ijumaa Kuu, More aliwaita watu wote wa nyumba katika jengo lile, wakasomewa Mateso ya Bwana Wetu tangu mwanzo hata mwisho. Kwa kawaida msomaji alikuwa karani wake, John Harris. Mara kwa mara More alimsimamisha, akaongeza maneno machache ya kuwaonya na kuwatia moyo, kisha usomaji ukaendelea. Na usiku wa sikukuu kuu, kama Noeli na Pasaka, wote waliamka wakaenda kanisani kusali.

Mwaka 1529 Mfalme Henry wa Nane alimfanya Kansela, mkuu wa mahakimu wote wa nchi. Hakuwa mtu asiye na ukali; wale waliohesabiwa wazushi aliwaandama kwa sheria kali za wakati ule. Lakini cheo hakikumtoa katika ibada. Alizidi kuvaa kanzu nyeupe na kuimba pamoja na waimbaji wa parokia yake, hata mtukufu mmoja akaona ni aibu kwa Kansela. Mfalme alipotaka kumwacha mkewe Catherine na kujitwalia ukuu wa Kanisa, More alijiuzulu mwaka 1532. Umaskini ukaingia nyumbani. Katika baridi walikoka moto wa majani makavu, wakaota kidogo pamoja, kisha wakalala.

Pasaka ya mwaka 1534 ilikuwa tarehe 5 Aprili. Jumapili iliyofuata More aliitwa aje kula kiapo cha kuukubali urithi wa watoto wa Anne Boleyn, nacho kilikuwa na maneno ya kukataa mamlaka ya Baba Mtakatifu. Asubuhi ya Jumatatu aliungama na kusikiliza Misa. Siku zote mkewe na wanawe walimsindikiza mpaka mashuani, akawabusu na kuwaaga. Siku hiyo aliufunga mlango wa ua nyuma yake, asimruhusu mmoja wao kumfuata. Alikaa mashuani kimya, moyo mzito. Kisha akamnong'oneza mkwewe, William Roper, kwamba anamshukuru Mungu kwa kuwa vita imekwisha kushindwa. Alikataa kiapo, akatiwa katika gereza la Mnara wa London.

Hapo jaribu likawa chungu zaidi, kwa kuwa waliomsihi akubali walikuwa watu wa nyumba yake mwenyewe. Mkewe hakumwelewa, hata Margaret, mpenzi wake, alimwomba. More hakuwahukumu, wala hakubadilika. Tena fikirini jambo hili: Margaret aliporuhusiwa kumwona, hawakuanza na habari za kesi wala za nyumbani. Walisali kwanza zile zaburi saba za toba na litania, ndipo wakazungumza. Sala ya Chelsea ilikuwa imehamia gerezani.

Humo gerezani aliandika kitabu juu ya huzuni ya Kristo katika bustani ya Gethsemani. Alifika mahali Bwana anapokamatwa, vitabu vyake vikaondolewa. Tarehe 1 Julai 1535 alihukumiwa kufa. Njiani kurudi gerezani Margaret alipenya katikati ya askari, akamkumbatia mbele ya watu wote. Siku moja kabla ya kufa, More alimpelekea lile vazi la toba. Tarehe 6 Julai akakatwa kichwa. Baada ya miaka, kitabu kile kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Mary Basset, binti wa Margaret. Hivyo mjukuu akapokea mkononi mwake Mateso yaliyosomwa nyumbani mwa babu.

Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Yohane Paulo II akamweka kuwa msimamizi wa watawala na wanasiasa. Nasi na tumwombe pia kwa ajili ya nyumba zetu. Si lazima kuwa na ukumbi wala maktaba. Taa moja yatosha, na mtoto ajuaye kusoma, na Injili. Jioni ya Ijumaa Kuu, mkirudi kanisani, waketisheni watoto, na wageni, na mtumishi wa jikoni, msome Mateso ya Bwana mpaka mwisho. Hatujui ni siku gani mlango wa ua utafungwa nyuma yetu. Siku hiyo tutahitaji maneno tuliyokwisha kuyazoea nyumbani.

Mtakatifu Thomas More, utuombee.