Dunlop, daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye tairi, na rimu iliyoushika upepo huo

Wengi wetu tulilisoma jina Dunlop ubavuni mwa tairi kabla ya kujua kwamba lilikuwa jina la mtu. Alikuwa mtu kweli, tena daktari wa mifugo, na gari hakuwa nalo alipofanya jambo lililomfanya akumbukwe.

Tunamleta leo kwa sababu ya maswali yenu. Kutoka Nachingwea na Ruangwa swali linalorudi mara kwa mara ni hili: gari ni dogo na la zamani, Corolla au Mark II, rimu imepinda au imepasuka kwenye shimo, na muuza spea analeta nyingine iliyotumika akisema hii inakaa tu, funga uende. Je, inakaa kweli? Maisha ya Dunlop yanasaidia kulijibu swali hilo. Kilichompa sifa ni tairi la upepo, lakini kilichofanya tairi hilo lifae kwa watu wa kawaida ni rimu, na rimu hiyo hakuibuni yeye.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Uskoti, kwenye familia ya wakulima. Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh, akafanya kazi kwao kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ireland. Huko akatibu farasi na ng'ombe, akamwoa Margaret Stevenson mwaka 1871, wakapata mtoto wa kike na wa kiume. Baadaye akahamia mji wa Belfast, na kazi yake ikakua hadi akawa miongoni mwa madaktari wa mifugo wenye wateja wengi zaidi nchini humo.

Barabara za Belfast wakati ule zilitandikwa mawe. Magari ya farasi yalikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma, na baiskeli zilivishwa mpira mgumu usio na kitu ndani. Aliyepanda alitikiswa mwili mzima. Anayetoka Ruangwa kuja Nachingwea kwa baiskeli wakati wa kiangazi, barabara ikiwa imejikunja mabati, anaielewa hali hiyo bila kusimuliwa.

Mwaka 1887 mtoto wake, Johnny, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Dunlop alikuwa na ujuzi wa kufanya kazi na mpira, na akili yake ilikuwa kwenye swali moja: gurudumu lipunguze mtikisiko bila kuwa zito. Akachukua duara la mbao lenye upana wa karibu sentimita 96, akatengeneza bomba la mpira mwembamba, akalizungushia kwenye ukingo wa lile duara, akalifunika kwa kitambaa kigumu na kulijaza upepo kwa pampu ya mpira wa kuchezea. Kisha akaenda nalo uani, pamoja na gurudumu la chuma la ile baiskeli ya mtoto.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Aliyasukuma yote mawili yaviringike. La chuma lilikwenda kidogo likaanguka. Lenye upepo lilivuka uwanja wote, likagonga nguzo ya lango na kurudi. Gurudumu lile halikuwa na injini; nguvu iliyolisukuma ilikuwa ni ya mkono wake. Tofauti ilikuwa kwamba upepo ulimeza mawe madogo, na nguvu haikupotea kwa kurukaruka. Hapo ndipo alipojua kwamba amepata zaidi ya kitu cha kumstarehesha mtoto. Tairi la upepo lilikuwa jepesi kusukuma, yaani lilikuwa la kasi.

Alipata hakimiliki Desemba 1888. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Mei 1889, mwendesha baiskeli wa Belfast aitwaye Willie Hume aliingia kwenye mashindano ya chuo cha Queen's akiwa na matairi hayo manene. Watu walimcheka. Akashinda mbio zote alizoingia, na kicheko kikaisha. Miongoni mwa walioshindwa na Hume walikuwamo vijana wa mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros. Mzee huyo hakununa, aliona biashara. Kampuni ikaundwa mwaka huo huo, Dunlop akaikabidhi hakimiliki yake na kubaki na hisa.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1890 Dunlop aliarifiwa kwamba hakimiliki yake haina nguvu. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo hilo hilo la gurudumu la upepo mwaka 1845, miaka mitano tu baada ya Dunlop kuzaliwa. Thomson alilijaribu kwenye magari ya farasi mjini London, lakini baiskeli ya kawaida ilikuwa haijawepo, mpira mwembamba ulikuwa ghali, na wazo likasahaulika. Thomson mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1873. Dunlop hakuiba, hakuwa amemsikia. Sheria haikujali hilo.

Kwa hiyo kampuni ilibaki na jina, na bidhaa ambayo kila mtu angeweza kuiga. Tena bidhaa yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa: tairi la Dunlop lilifungwa na kugandishwa kabisa kwenye ukingo wa gurudumu. Ukipata pancha, ulilazimika kubandua na kukata kitambaa, uzibe, kisha ugandishe upya. Fikiria kufanya hivyo njiani, katikati ya pori, jua likizama.

Aliyeitatua shida hiyo ni Charles Kingston Welch, Mwingereza, kwa hakimiliki ya mwaka 1890. Aliweka waya usionyooka kwenye midomo yote miwili ya tairi, na akabadilisha umbo la rimu: pembeni midomo iliyosimama, na katikati mfereji uliozama. Mwaka huo huo William Bartlett, Mmarekani aliyekuwa akiongoza kiwanda cha mpira mjini Edinburgh, naye akaleta rimu yenye kingo zilizojikunja ambazo mdomo wa tairi ulijishika ndani yake. Kampuni ya du Cros ikanunua haki zote mbili. Hizo ndizo zilizoiokoa.

Ukitaka kuuona ubunifu wa Welch, simama karibu na fundi tairi yeyote sokoni. Utamwona akikanyaga upande mmoja wa tairi ushuke kwenye mfereji wa katikati, ili upande wa pili upate nafasi ya kuvuka mdomo wa rimu. Waya haunyooki, kwa hiyo bila mfereji tairi lisingeingia. Upepo ukijaa, tairi linapanda kutoka mfereji hadi kwenye mabega ya rimu na kujibana hapo. Kazi yote ya kulishika inafanywa na vipimo vya chuma kwa chuma. Ndiyo maana tairi la 14 halilazimishwi kwenye rimu ya 15 kwa nyundo na sabuni. Waya ukikatika ndani huuoni, na tairi linaweza kupasuka fundi akiwa ameliinamia anajaza upepo.

Sasa tuje kwenye rimu ya mkononi. Mafundi wengi hutazama jambo moja, idadi ya matundu ya nati, na hilo halitoshi. Corolla za miaka ya 1990, kama AE100 na AE110, zina matundu 4 yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100. Mark II za GX100 na GX110 zina matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3. Kwa rimu ya matundu 4, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama. Kwa matundu 5 hakuna linalotazamana, basi pima matundu mawili yaliyo jirani, katikati hadi katikati: ukipata kama milimita 67, ni ya 114.3, ukipata kama 59, ni ya 100. Hatari zaidi ni zile zinazokaribiana. Rimu za Volkswagen na Mercedes nyingi ni 112, pungufu kwa milimita 2.3 tu. Ukikaza kwa nguvu zinaingia kwenye Mark II, lakini stadi zinakuwa zimepinda, na stadi iliyopinda hukatika bila kutoa taarifa.

Tundu kubwa la katikati, linalokaa kwenye habu, watu hulidharau. Corolla hizo zina habu ya milimita 54.1. Honda nyingi ndogo zenye duara la 100 zina 56.1. Rimu ya Honda itaingia kwenye Corolla yako vizuri kwa macho, lakini itacheza kwa milimita 2, na ukifika kilomita 80 kwa saa usukani utaanza kutetemeka hata kama balansi imefanywa. Kuna ringi nyembamba za kujazia pengo hilo. Mwulize muuza spea kabla hujalipa. Rimu ya Corolla kwenye Honda haiingii kabisa, na wapo wanaolichonga tundu. Mimi siungi mkono uchongaji huo.

Nati nazo zina sura zake. Rimu ya chuma ya Toyota hukaa kwa nati yenye ncha ya koni. Rimu nyingi za Honda zilitengenezwa kwa nati ya mviringo, kama nusu ya gololi. Toyota nyingi za rimu ya alumini hutumia nati yenye washa bapa. Ukichanganya, nati inagusa ukingo mwembamba tu na kulegea yenyewe. Nissan hata uzi wa stadi ni tofauti, mwembamba zaidi, usiazime nati zake. Na nati ya Toyota ya milimita 12 iingie kwa mkono mizunguko 8 hivi kabla ya kukaza. Ikiingia mitatu tu, rimu ni nene kuliko stadi zako.

Kisha tafuta herufi ET zilizogongwa kwenye rimu, zikifuatiwa na namba. Hiyo huonyesha gurudumu litakaa ndani au litatoka nje kiasi gani. Mark II hizo za GX zilikuja na karibu 50. Ukifunga rimu ya 35, gurudumu linatoka nje milimita 15. Bila mzigo linapendeza. Weka watu watano na magunia mawili ya korosho nyuma, tairi linaanza kusugua bodi, na bearingi inabeba mzigo kwa namna isiyopangiwa.

Kuhusu ukubwa, Corolla yenye 155/80 ya rimu 13 inaweza kuvaa 175/65 ya rimu 14, kwani kimo cha gurudumu zima hutofautiana milimita 5 tu. Zaidi ya hapo, kwa barabara zetu, mimi nashauri msifuate mitindo ya mjini ya rimu 16 na tairi nyembamba kama mkanda. Ubavu mrefu wa tairi ndio unaobeba upepo aliouhangaikia Dunlop. Ukiupunguza, shimo linafika kwenye rimu moja kwa moja. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo hunyooshwa. Ya alumini iliyopasuka na kuchomelewa, hata ikiwa bei nusu, iacheni dukani.

Turudi kwa mzee wetu. Mahitaji ya matairi yalilipuka kuanzia miaka ya 1890, na mwaka 1895 ndugu wa Michelin wakaendesha gari lenye matairi ya upepo katika mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi. Mpira ulitafutwa kila kona ya dunia. Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, watu waliuawa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira wa porini. Hata huku kwetu kusini, mitambaazi ya msituni iliyo jamii moja na mibungo iligemwa, hasa upande wa Liwale, na mpira wake ukabebwa hadi Kilwa na Lindi kupanda meli. Mababu waliogema huenda hawakuiona baiskeli waliyokuwa wakiivisha.

Dunlop alikuwa amehamia Dublin, na hakuelewana sana na mwendo wa kampuni. Mwaka 1895 alijiuzulu. Mwaka mmoja baadaye, 1896, kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 3, fedha kubwa mno kwa wakati huo, na waliovuna zaidi walikuwa wafanyabiashara. Yeye aliendelea na hisa katika duka la nguo mjini Dublin na maisha ya utulivu. Alifariki tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na miaka 81, akazikwa makaburi ya Deans Grange. Viwanda vyenye jina lake viliendelea kukua bila yeye.

Kwa wanaobadilisha rimu wiki hii: kazeni nati kwa kurukia upande wa pili kila mara, si kwa kuzunguka, na msipande juu ya spana. Kipimo cha Corolla ni nyutoni-mita 103, sawa na uzito wa kilo 42 kwenye spana ya sentimita 25. Ukifunga Nachingwea, ukifika Masasi simama ukague tena kila nati.