Askofu Vogt na Mapadre Wachache

Kila mara padre anapohamishwa parokia, au parokia mbili zinapoambiwa kwamba tangu sasa zitatumikiwa na padre mmoja, manung'uniko hayakosi. Wakristu huuliza wamekosa nini hata wanyang'anywe mchungaji wao, na kwa nini mavuno waliyoyatoa wenyewe yaende kulisha watu wa ng'ambo ya mlima. Hatupendi kuwalaumu upesi, kwa maana anayemlilia padre wake amempenda. Lakini twaona yafaa leo kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya askofu mmoja, ambaye kazi yake yote tangu mwanzo hata mwisho ilikuwa ni kugawa wachache aliokuwa nao.

Huyo ni François-Xavier Vogt, wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1870 huko Marlenheim, katika nchi ya Alsace, wakati Wafaransa na Wajerumani walipokuwa wakipigana. Mwaka uliofuata nchi yake ilitwaliwa na Wajerumani. Ndiyo maana mtu huyu, aliyezaliwa Mfaransa, alikua chini ya bendera ya Ujerumani. Mwaka 1906, akiwa hajatimiza miaka 36, aliwekwa kuwa askofu wa Vikarieti ya Bagamoyo, iliyokuwa imetengwa na Zanzibar mwaka uo huo.

Urithi alioukuta ulikuwa tayari ni tunda la kugawana. Misioni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, haikujiwekea watoto wake. Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877, hawakwenda mapadre peke yao; zilikwenda pamoja nao jamaa za Wakristu waliokombolewa utumwani na kulelewa Bagamoyo, ili wawe mbegu ya kijiji kipya. Baadaye zikafuata Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882, Tununguo mwaka 1884, Kilema kule Kilimanjaro mwaka 1890, na Matombo katika Uluguru mwaka 1897. Kila misioni mpya ilipungukiza ya zamani watu, fedha na mikono ya kazi. Hata hivyo mama hakufa kwa kuzaa.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo mji ule ukawa mlango wa bara. Lakini reli haikupanda milima. Milima ya Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600, na watu wake wamejenga mitelemkoni, kijiji hiki huku na kijiji kile kule, bonde lenye kina katikati yao. Mtu aweza kuona moshi wa jiko la jirani, akatembea nusu siku kabla ya kumfikia. Mapadre wachache wangaliwezaje kuzifikia nyumba zote hizo? Njia ilikuwa moja tu: kazi igawanywe. Katekista alikaa kijijini, akafundisha sala, mafundisho ya dini na kusoma; padre alizunguka kwa zamu, akileta Misa na Sakramenti. Kwa hiyo imani ya Uluguru haikujengwa na padre aliyekaa mahali pamoja. Ilijengwa na padre aliyekuwa wa wengi, pamoja na katekista aliyekuwa jirani wa kila mtu.

Mwaka 1910 Vikarieti ya Bagamoyo yenyewe iligawanywa. Kilimanjaro ikatengwa na kuwa vikarieti ya peke yake, chini ya Askofu Aloys Munsch. Kilema, Kibosho na misioni nyingine za mlima ule, ambazo Bagamoyo ilikuwa imezizaa na kuzilisha, zikatoka mkononi mwa Askofu Vogt. Kwa hesabu ya kidunia ilikuwa hasara. Lakini ni nani leo, akitazama Kanisa la Moshi lilivyo, atakayesema kwamba kugawanya kule kulikuwa kosa?

Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Bagamoyo, na siku chache baadaye Morogoro. Mapigano yakaendelea kandokando ya Uluguru hata Kisaki. Watu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Vita ilipokwisha, wamisionari Wajerumani walitolewa nchini. Askofu Vogt, kwa kuwa Alsace ilikuwa imerudi Ufaransa, aliweza kubaki.

Ndipo nchi nzima ikajifunza kugawana kwa sababu ya dhiki. Wabenediktini wa Ujerumani walipoondolewa, kondoo zao hawakuachwa bila wachungaji. Wakonsolata walitoka Kenya mwaka 1919 wakaenda Iringa, na Wakapuchini wa Uswisi walifika mwaka 1921 wakashika kazi katika Vikarieti ya Dar es Salaam. Hakuna aliyeuliza kwanza kanisa lile lilijengwa na shirika gani. Palipokuwa na altare isiyo na padre, aliitwa padre aliyeweza kufika.

Mwisho zamu ikamfikia askofu mwenyewe. Katika Kamerun wamisionari Wapalotini walikuwa wameondolewa mwaka 1916, na makatekista wenyeji walikuwa wameshika imani ya watu kwa miaka yenye taabu. Nchi ile ilihitaji askofu mzoefu, na Roma ikamtazama Vogt. Mwaka 1922 alipelekwa huko. Bagamoyo, iliyokuwa ingali ikiuguza majeraha ya vita, ikabaki ikingoja hata mwaka 1924, Askofu Bartholomew Wilson aliposhika mahali pake. Twaweza kuwaza jinsi Wakristu wa Uluguru walivyoona, kuondokewa na baba yao wa miaka 16 wakati walipomhitaji zaidi.

Huko Kamerun aliendelea na kazi ile ile. Alijua kwamba nchi isiyozaa mapadre wake itaazima siku zote. Basi alitilia mkazo seminari. Mwaka 1931 vikarieti yake ikagawanywa tena, Douala ikatengwa, naye akabaki Yaoundé. Tarehe 8 Desemba 1935 Kanisa la Kamerun lilipata mapadre wake wenyeji wa kwanza, wanane kwa pamoja. Askofu Vogt alifariki Yaoundé tarehe 4 Machi 1943, akazikwa Mvolyé. Kaburi lake liko mbali sana na Bagamoyo na Uluguru, lakini kazi yake ni yetu pia.

Na kwetu je, tulipungukiwa? Mwaka 1935 sehemu ya Vikarieti ya Bagamoyo ilitolewa ili Dodoma ianze. Mwaka 1953 vikarieti yenyewe ikawa Jimbo la Morogoro, na mwaka 1966 Adriani Mkoba akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Mwaka 2025 Morogoro pamoja na Dar es Salaam zilitoa sehemu zao ili Bagamoyo iwe jimbo. Binti amempa mama yake ardhi. Hivyo ndivyo Kanisa linavyokua.

Basi, ndugu wasomaji, tutazame parokia zetu. Papa Pius XII, mwaka 1957, katika waraka wa Fidei Donum, aliwaomba maaskofu wa majimbo yenye mapadre wawaazime Afrika. Tulipokea kwa furaha. Je, tuliopokea kutoka bara jingine tutashindwa kumpa jirani wa bonde la pili? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaruhusu mapadre kadhaa kuzichunga parokia kadhaa kwa pamoja. Lakini sheria haitoshi pasipo moyo. Halmashauri za parokia jirani zikae pamoja, zipange zamu za Misa ili kigango cha mbali kisikae miezi bila Ekaristi. Semina ya makatekista ifanywe moja kwa parokia tatu, badala ya tatu zilizo hafifu. Parokia ya mjini yenye sadaka nyingi ichangie pikipiki ya padre wa mlimani, na parokia ya mlimani itoe chakula chake kwa seminari. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na katika nyumba zetu, wazazi, tusiombe tu kupewa padre. Tuulize ni mtoto gani wetu atakayetolewa kuwa padre wa wengine. Wanaomlilia padre aliyehamishwa na wakakataa kumtoa mwana wao, kilio chao hakijakamilika. Padre anayeondoka kwetu haendi kupotea. Anakwenda kwa ndugu zetu, kama Askofu Vogt alivyokwenda. Tumsindikize kwa sala, na tumfungashie chakula cha njiani.