Bernhard Schmidt, Fundi wa Mkono Mmoja

Bernhard Schmidt alizaliwa tarehe 30 Machi, 1879, katika kisiwa cha Naissaar, karibu na mji wa Tallinn, nchini Estonia, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Udadisi wake ulimponza mapema. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alifanya majaribio na baruti, ikamlipukia, akapoteza mkono wa kulia.

Mwaka 1901 alikwenda Ujerumani, akakaa katika mji mdogo wa Mittweida na kushika kazi ya kusugua vioo vya darubini kwa mkono mmoja uliosalia. Kazi hiyo haina huruma, kwani kasoro iliyo ndogo mara elfu kuliko unene wa unywele yatosha kuiharibu sura ya nyota. Hata hivyo vioo vyake vilisifiwa na mabingwa wa elimu ya nyota. Vita vya 1914 vilipozuka aliwekwa kizuizini kwa sababu alikuwa raia wa Urusi. Baadaye Profesa Richard Schorr alimpa mahali pa kufanyia kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Bergedorf, Hamburg.

Darubini kubwa za wakati huo ziliona mbali, lakini ziliona mahali padogo mno, mithili ya mtu achunguliaye uwanja kupitia tundu la ufunguo. Nyota za pembeni zilitokea zikiwa na mikia. Mwaka 1929 Schmidt alisafiri hadi Ufilipino pamoja na Walter Baade kutazama kupatwa kwa jua, na safarini wakalizungumza jambo hilo.

Jawabu lake lilikuwa kutumia kioo cha mviringo kamili, kama kipande cha tufe, kisha kuweka mbele yake kioo chembamba chenye mawimbi hafifu ya kurekebisha mwanga kabla haujafika. Namna aliyoieleza ya kukitengeneza yastaajabisha: kioo hicho hupindwa kwa kuvuta hewa iliyo chini yake, husuguliwa kikiwa kimepinda, kisha huachiwa kijirudi chenyewe katika umbo litakiwalo. Kamera yake ya kwanza, ya mwaka 1930, ilikuwa na mdomo wa sentimita 36, nayo ilichukua upana wa nyuzi 15 hivi, yaani kama miezi mipevu 30 iliyopangwa mstari mmoja.

Schmidt alifariki tarehe 1 Desemba, 1935, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Hamburg. Mwaka uliofuata, juu ya mlima Palomar, Marekani, Fritz Zwicky alianza kuzisaka nyota zilipukazo kwa darubini ya mtindo huo. Nyingine kubwa zaidi, yenye mdomo wa sentimita 122, ilikamilika hapo mwaka 1948, ikapiga picha za anga yote ya kaskazini. Mwaka 2018 darubini hiyo hiyo ilianza kazi upya ikiwa na kamera ya elektroniki, ili kuvizia kila kinachobadilika angani usiku.