Sir George Stokes na Nuru ya Kwinini

Kila mtu anamjua Newton, lakini katika bweni letu sijamkuta mwenzangu amjuaye George Gabriel Stokes, aliyeshika cheo kile kile cha uprofesa wa hisabati alichokuwa nacho Newton huko Cambridge, tena kwa zaidi ya miaka 50. Basi nataka kuwasimulia habari zake.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti, 1819, kijijini Skreen, nchi ya Ireland. Baba yake alikuwa kasisi. Mwaka wa 1841 alimaliza masomo yake Cambridge akiwa wa kwanza katika mtihani wa hisabati, na mwaka wa 1849 akafanywa profesa.

Mwaka wa 1851 alitoa kanuni yake ya mnato, yaani jinsi kitu kama asali kinavyolizuia tufe dogo linalozama ndani yake. Mwaka uliofuata akaeleza jambo ambalo mimi nalipenda zaidi. Aliipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo, ikatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Kisha alichukua kichupa cha maji ya kwinini, dawa ile ya malaria ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu wake, akakisogeza kutoka penye nyekundu mpaka kupita urujuani, mahali ambapo macho ya mwanadamu hayaoni nuru yoyote. Ndipo maji yakang'aa buluu! Stokes alitambua ya kuwa kwinini ilimeza nuru isiyoonekana, ikatoa nyingine yenye mawimbi marefu zaidi. Akaliita jambo hilo floresensi, kutokana na jina la jiwe la floraiti. Alifariki Cambridge tarehe 1 Februari, 1903.

DNA hakuichunguza, lakini kazi zake mbili zinakutana humo. Wataalamu wa leo hutia katika DNA rangi ambayo hung'aa sana ikishika nyuzi mbili zilizosokotana. Joto likipanda nyuzi huachana, na mng'ao huanguka ghafula. Hapo pana mtego: rangi hufifia polepole hata kabla nyuzi hazijaachana. Maji yakipata moto mnato wake hupungua, chembe huenda mbio na kugongana, na nguvu iliyomezwa hupotea kama joto badala ya kutoka kama nuru. Mpimaji asiyejua hayo atadhani nyuzi zimeanza kuachana mapema. Kwa hiyo wao hupima kwanza ule mteremko wa polepole, wakauondoa katika hesabu, ndipo huonekana joto lile hasa ambalo nusu ya DNA imekwisha kuachana.